Watoto wa Kiarabu na lugha zao: maswali ninayoulizwa kila siku

Mimi nasomesha chekechea hapa Maskati, mwaka wa tisa sasa, asili yetu Unguja na nyumbani tunaongea Kiswahili na Kiarabu vyote viwili. Maswali haya nayapata mlangoni asubuhi, nayapata WhatsApp usiku, kutoka kwa ndugu walioolewa na Waarabu, kina dada wanaofanya kazi za nyumbani Ghuba, na wazazi wenzangu walioko Ulaya na Marekani. Nimechoka kuandika jibu lilelile mara kumi kwaiyo nimeyakusanya hapa, soma unalolitaka mengine ruka.

Mtoto wa Kiarabu si anazaliwa na Kiarabu chake? Skuli anajifunza nini tena?

Hili ndo swali lenyewe, mengine yote yanatokea hapa. Kiarabu anachozaliwa nacho mtoto sicho kilichoandikwa kwenye kitabu. Nyumbani anasikia lahaja ya kwao, ya Cairo au Damascus au Khartoum au Sur hapa Oman, anabembelezwa kwayo na anagombezwa kwayo, alafu anafika darasa la 1 anakuta kila kitu ni fus-ha, Kiarabu ambacho sijawahi kuona mama anamuogeshea mtoto wake kwacho. Mwaka 1959 Mmarekani mmoja Charles Ferguson aliiandikia makala hali hii, akaiita daiglosia, akatoa mifano minne: Waarabu, Wagiriki, Waswisi wanaosema Kijerumani na watu wa Haiti. Ile ya juu ni ya hotuba, gazeti, habari na mtihani, ile ya chini ni ya jikoni na sokoni na kitandani, na mtu mmoja anatembea nazo zote mbili siku nzima.

Tuchukue neno "sasa hivi" tu. Kitabu kinamtaka mtoto aseme al-aan. Wa Cairo anajua dilwa'ti, wa Damascus anajua halla', wa Khartoum hassa', wa Casablanca daba, na huku kwetu Ghuba ni alhin. Au dirisha, mtoto wa Misri anaita shubbak (ndo hilohilo shubaka letu), mwalimu anamwambia hapana, nafidha. Watafiti Elinor Saiegh-Haddad na Bernard Spolsky walichambua maneno ya watoto wa Kipalestina wa miaka 5, matokeo yakatoka 2014: karibu moja ya tano tu ya maneno yao yalifanana kabisa na ya fus-ha, kama asilimia 40 yalikuwa ndugu wa mbali, yaani yanafanana lakini yamebadilika sauti au umbo, na kiasi kama hicho kingine yalikuwa maneno mengine kabisa. Sasa fikiria wewe una miaka 6, umekaa kwenye kiti kipya na begi kubwa kuliko mgongo wako, unaambiwa hii ni lugha yako na wewe huioni.

Si kama sisi na Kiswahili sanifu?

Hapana, sanifu imejengwa juu ya Kiunguja, mtoto wa mjini Unguja anaingia darasani lugha karibu yote anayo. Labda umfikirie mtoto wa Makunduchi aliyelelewa na Kikae kitupu, lahaja ya kwao, au mtoto wa Mwanza aliyelelewa na Kisukuma ndani anakwenda kuanza darasa la 1 kwa Kiswahili. Mwarabu yuko mahali fulani kati ya hao wawili, lakini na tofauti moja kubwa: yule Msukuma akitoka nje anakuta watu wanaocheza na kutaniana kwa Kiswahili, Mwarabu akitoka nje haikuti fus-ha inachezewa mpira popote.

Kwa nini naskia watoto wengi wa Kiarabu wanachelewa kusoma vizuri?

Si kwamba hawana akili, naomba nianze hapo manake nimeshaskia watu wakisema. Kuna mtihani wa kimataifa wa kusoma wa darasa la 4 unaitwa PIRLS, wastani wake umewekwa kwenye 500. Mwaka 2016 hakuna nchi ya Kiarabu iliyofika hapo, Imarati walikuwa juu ya wenzao na 450, Morocco 358, Misri 330. Hizo nchi nyingine zina pesa nyingi tu, kwaiyo umasikini peke yake haujibu.

Sababu moja ni hiyo ya umbali niliyoisema. Mtoto akiwa hana sauti fulani kwenye lahaja yake, mfano ile th ya "thalaatha" ambayo mtoto wa Cairo anaitamka talaata, inamuwia vigumu kuikamata ndani ya neno na kuiunganisha na herufi yake. Herufi anaiona, sauti yake haijui.

Sababu nyingine ni maandishi yenyewe. Herufi 28, nyingi zinabadilika umbo kutegemea ziko mwanzo, katikati au mwisho wa neno, na kuna familia za herufi zinazotofautishwa na nukta tu, b na t na th na n na y zikiwa katikati ya neno ni kijino kimoja, angalia nukta ngapi na ziko juu au chini. Alafu vile vitabu vya mwanzo vina irabu fupi zote juu na chini ya herufi, fat-ha, kasra, dhumma, mtoto anazishikilia kama reli ya ngazi. Akikua kidogo zinaanza kuondolewa. Sasa k-t-b inaweza ikawa kataba, ameandika, au kutiba, imeandikwa, au kutub, vitabu, na ili uisome sawasawa lazima uwe umeshaielewa sentensi. Watu wengi duniani wanasoma ili waelewe, huyu anatakiwa aelewe kwanza ndo asome! Na ataelewaje kama hiyo lugha haijamkaa masikioni.

Kwaiyo dawa inaanza masikioni kabla ya macho. Dina Feitelson na wenzake walilijaribu hili kwenye chekechea za Waarabu huko Israel, wakalichapisha 1993: watoto walisomewa hadithi za fus-ha kila siku, na baadae wakawa wanaelewa wanachosikia vizuri kuliko wenzao ambao hawakusomewa. Hakuna mashine hapo, ni mwalimu na kitabu na mkeka.

Kwa hiyo nimsomee fus-ha hata kama haelewi?

Msomee, lakini usimsomee kama khatibu. Mimi nasoma mstari kwa fus-ha, nausema tena kwa Kiomani, nawauliza wao wananijibu kwa lahaja yao, naendelea. Usimkatalie jibu kwa sababu limetoka kwa lahaja. Hapa ndo walimu wengi wanapokosea, mtoto amenyoosha mkono ana jambo la maana, amelisema kama anavyomwambia mama yake, mwalimu anamwambia sema vizuri. Mara tatu nne hivi, mkono haunyanyuki tena.

Mwanangu anajua lakini hasemi. Ni aibu tu?

Aibu ni neno kubwa, tuliangalie. Waarabu wana neno lahn, ni lile kosa la kutamka mwisho wa neno na irabu siyo, u badala ya a, na kwa karne nyingi lahn imekuwa kitu cha kumcheka mtu. Hata watu wazima wenye digrii wakipewa maikrofoni waongee fus-ha utawaona jasho. Sasa hofu hiyo haikai kwa wakubwa tu, inashuka. Mtoto anamuona baba yake anakwepa kuongea fus-ha, anaelewa kwamba hii ni lugha ya kuumbuka.

Na kuna tabia ya mtoto mwenyewe, hilo nalo lipo. Nina watoto wanaorukia maneno, wanakosea kumi wanapata mawili na hawajali. Wengine wanakaa kimya miezi, wanaangalia mdomo wako, siku wakifungua wanatoa sentensi nzima. Nilikuwa na binti mmoja aliingia Septemba na hakusema neno darasani mpaka Januari, mama yake alikuwa analia nyumbani. Siku hiyo tulikuwa tunapanga viatu mlangoni, mwenzake akavaa kushoto kulia, yule binti akasema kwa fus-ha safi kabisa ya katuni, "la, hadha khata'", hapana, hili ni kosa. Darasa zima likanyamaza. Wala sikumpigia makofi, nilimjibu tu kwa kawaida kama mtu aliyekuwa anaongea siku zote, manake watoto wa aina hii ukiwashangilia wanarudi ndani.

Umesema katuni. Katuni zinasaidia kweli au ni uvivu wetu?

Zinasaidia, na Waarabu wanalijua hili zamani. Mwaka 1979 Kuwait walianza kurusha Iftah Ya Simsim, kipindi cha watoto kilichoongea fus-ha nyepesi makusudi ili mtoto wa Iraq na wa Tunisia wote waelewe. Tangu 2000 Spacetoon ikajaza nyumba na katuni za Kijapani zilizotiwa sauti ya fus-ha, na kuna kizazi kizima kilichojifunza kusema "nitalipiza kisasi" na "usikate tamaa" kwa Kiarabu fasihi kabla hawajajua kuomba maji kwa lugha hiyo. Watu wanawacheka, mimi siwacheki, ile ilikuwa mara ya kwanza fus-ha inakuja na kiatu cha mpira mguuni.

Ila katuni haimjibu mtoto. Akisema neno yenyewe inaendelea. Kaa nae dakika kumi tu muulize huyu amekasirika kwa nini, hapo ndo katuni inageuka maneno yake.

Dada wa kazi anamuharibia mtoto Kiarabu?

Hili naliandika kwa urefu kwa sababu linawaumiza watu, na wengi wanaonisoma ndo nyinyi wenyewe kina dada.

Huku Ghuba nyumba nyingi zina mfanyakazi kutoka Ufilipino, India, Indonesia, Ethiopia, Kenya, Uganda. Yeye na familia wanakutana kwenye Kiarabu kimoja cha katikati ambacho si cha mtu, "inta ruh jib moya", wewe enda leta maji, "ana mafi maalum", mimi sijui. Kitenzi hakibadiliki, kiume na kike vimekuwa kimoja, na mafi inakanusha kila kitu. Magazeti ya huku kila baada ya muda yanapiga kelele kwamba wafanyakazi wanaharibu lugha ya watoto.

Sikilizeni. Nilikuwa na mvulana wa miaka 4, wazazi wote wawili wanafanya kazi, anarudi nyumbani saa saba mchana anakaa na dada mpaka magharibi. Siku moja jioni nimechukua mkoba wangu naondoka akanishika kanga akasema, "inti mafi ruh." Usiende. Hakunisemea Kiomani, amenisemea lugha ya dada, kwa sababu hiyo ndo lugha anayoitumia kwa mtu anaemtaka abaki. Dakika tano baadae babu yake kafika mlangoni na fimbo yake, na mtoto yuleyule kamgeukia kwa Kiomani cha vijijini huko, na salamu zote na heshima zote. Mtoto hakuharibika. Mtoto alikuwa na droo mbili na anajua ipi afungue kwa nani.

Shida inakuja pale ambapo droo ya babu haifunguliwi kabisa. Baba simu, mama simu, mtoto anapewa tablet, na mtu pekee anaemjibu siku nzima ni dada, ambae nae Kiarabu ni lugha yake ya kigeni na kazi zimemzidi. Hapo mtoto atachelewa, na wa kulaumiwa sio yeye dada. Mimi nawaambia kina dada wa Kenya na Uganda, mwimbie mtoto kwa Kiswahili, mhesabie ngazi kwa Kiswahili, moja mbili tatu, mtambie hadithi ya sungura na fisi. Lugha yako iliyokamilika ni chakula bora kuliko Kiarabu cha kuokoteza. Na nyinyi wenye nyumba, saa moja kwa siku ya mtoto na nyinyi wenyewe bila simu, hiyo hailetwi na wakala yeyote.

Bibi yake anamsemesha Kiswahili. Tumwambie aache ili mtoto ashike Kiarabu?

Msithubutu. Oman wako watu wengi ambao Kiswahili ni lugha ya ndani, wengine walikuja baada ya mapinduzi ya 1964, wengine waliitika mwito wa Sultan Qaboos baada ya 1970, na nchi yenyewe imejaa lugha nyingine, Kibalochi, Kimehri, Kijibbali kule Dhofar, Kilawati hapa Matrah. Mtoto wa Salalah anaeongea Kijibbali na mama yake hajakosa Uomani.

Mwanangu mwenyewe aliwahi kuambiwa na mwalimu wake, jina la skuli silitaji, kwamba Kiswahili ni lugha ya jikoni asiongee hapa. Alikuja nyumbani akamjibu bibi yake kwa Kiarabu wiki nzima, na mama yangu Kiarabu chake ni cha sala na soko, basi akawa anatabasamu tu hajui amjibu nini. Siku ya nane nikamkalisha mtoto nikamwambia bibi ana hadithi ya baba yako alipoanguka kwenye mnazi Bububu, na hadithi hiyo haina Kiarabu. Alikwenda kuiomba mwenyewe.

Lugha mbili tatu haziwezi kumchelewesha kuongea?

Hapana. Kuchanganya maneno ya lugha mbili kwenye sentensi moja ni kawaida na si ugonjwa. Maneno hesabu ya lugha zote pamoja, si moja moja. Lakini kama amefika miaka 2 na maneno hayajafika hamsini kwa lugha zote, au haunganishi mawili, "mama njoo", "maji zaidi", mpeleke akaangaliwe, na cha kwanza omba wapime masikio. Usikubali mtu akwambie "atasema tu, hata mjomba wake alichelewa" na usikubali pia daktari akwambie ufute lugha moja.

Na sauti nzito za Kiarabu, zile dhwad na twa na swad, pamoja na qaf, huchelewa kukaa, mtoto wa miaka 5 anaezilainisha hana tatizo.

Watoto wadogo wa Kiarabu wanafundishwaje kuongea na wakubwa?

Hapa napapenda. Kwanza Mwarabu anamuita mtoto kwa cheo chake yeye mzazi, mama anamwambia mwanawe "ta'al ya mama", njoo ewe mama, baba anamwambia "ya baba". Wageni wanashangaa sisi hatushangai, manake na sisi pwani tunasema "pole baba" kwa kitoto cha miaka 2. Mtoto anajifunza kwamba neno si jina tu, ni kamba, linamfunga na aliyelisema.

Pili kuna majibu ya lazima. Mtoto wa Sham, yaani Syria na jirani zake, akitoka kunyolewa au kuoga anaambiwa na'iman, na anatakiwa ajibu kwa dua. Kila mwanamme mkubwa ni ammo, kila rafiki wa mama ni khaltu au tant. Mgeni akifika anasukumwa mbele, msalimie ammo, na asiposalimia mama ndo anaeona haya. Hizi fomula mtoto anazimeza nzima nzima kabla hajajua sarufi, kama shikamoo na marahaba, na ni mlango mzuri sana kwa mtoto anaejifunza Kiarabu kama lugha ya pili. Mpe kwanza maneno yanayomfungulia uso wa mtu, rangi na matunda yatafuata.

Ni kweli wasichana wanawashinda wavulana?

Kwenye kusoma ndio, karibu kila nchi, lakini kwa Waarabu pengo ni pana zaidi. Ile PIRLS ya 2016 Saudia ndo iliyokuwa na pengo kubwa kuliko nchi zote, wasichana mbele kwa pointi 65. Mimi naona, na haya ni mawazo yangu kwa nilivyokaa nao, msichana anaachwa zaidi katikati ya wanawake wanaoongea, anasikiliza shangazi na mabibi saa tatu mfululizo, na akishika kitabu anasifiwa. Mvulana ametupwa nje na mpira au ndani na gemu, na hamuoni mwanamme yeyote nyumbani akisoma kitu kwa raha yake. Baba akae na kitabu, hata cha magari.

Chuo cha Qur'ani kinasaidia lugha?

Kinasaidia, kwa kiasi chake. Morocco wanakiita msid, Sudan khalwa, Misri kuttab, na anachopata mtoto huko ni sauti, makharija sahihi, yaani kila herufi itoke mahali pake mdomoni, masikio yaliyozoea mdundo wa fus-ha, na kukaa. Hapati maana asipofafanuliwa, na hilo tunalijua sote tuliohitimu juzuu amma pale Ng'ambo hatujui tumesema nini.

Kuna utafiti wa Morocco wa miaka ya 80 ambao huwa nawasimulia wazazi wenye wasiwasi. Daniel Wagner na wenzake waliwafuatilia watoto wa kijijini, wengine wakiongea Kiarabu nyumbani, wengine Kiberberi, yaani Kiamazighi, ambao Kiarabu kwao ni kigeni kabisa. Mwaka wa kwanza Waamazighi walikuwa nyuma kwenye kusoma Kiarabu. Ilipofika mwaka wa tano pengo lilikuwa karibu limekwisha. Kwaiyo mwanzo wa nyuma sio hukumu. Na nafurahi kwamba tangu 2011 katiba ya Morocco imeitambua lugha yao kuwa rasmi, manake mtoto anayejua lugha ya mama yake ina hadhi anakwenda kwenye nyingine bila kuinama.

Kiingereza na Kifaransa vimekula Kiarabu?

Vimekula sehemu. Hapa Oman Kiingereza kinaanza darasa la 1, Algeria wamekiingiza shule za msingi 2022, Morocco sheria ya 2019 imefungua njia ya masomo ya sayansi kufundishwa kwa Kifaransa. Lebanon ndo usiseme, salamu moja ina lugha tatu. Mtoto haambiwi na mtu kwamba Kiarabu ni cha chini, anaona tu. Anaona daktari anaandika kwa Kiingereza, mama anabadilisha lugha akiingia hotelini, na walimu wa Kiingereza wamepewa darasa lenye mazulia na vitabu vya picha wakati mwalimu wa Kiarabu ana chaki na kitabu cha sarufi. Wacanada Gardner na Lambert waliwahi kutofautisha kujifunza lugha kwa ajili ya mkate na kujifunza kwa kuwapenda wenye lugha. Kwa watoto wetu Kiarabu kimepokonywa mkate, na tusipoangalia kitapokonywa na mapenzi.

Na watoto wakimbizi?

Syria masomo yote yalikuwa kwa Kiarabu, hata udaktari chuo kikuu. Vita vilipoanza 2011 watu wakakimbilia Lebanon, ambako hesabu na sayansi skuli nyingi ni kwa Kifaransa au Kiingereza. Mtoto wa Halab (Aleppo) anazijua sehemu na desimali vizuri tu, anawekewa karatasi hawezi kusoma swali, na anarudi nyumbani amekuwa mjinga ghafla. Waliofika Ujerumani mambo mengine: mtoto anashika Kijerumani haraka kuliko wazazi, alafu anakuwa mkalimani wao, miaka 10 anakaa katikati ya mama na daktari anatafsiri ugonjwa wa mama. Lugha anaipata lakini kwa bei hiyo. Kama unamjua mtoto wa hivyo, mtafutieni mama mkalimani mtu mzima.

Na wako Wapalestina walio ndani ya Israel, ambao Kiebrania wanakihitaji kwa kazi na hospitali na chuo kikuu, lakini ndo lugha ya dola ambayo 2018 ilikiondolea Kiarabu hadhi ya lugha rasmi kikabakia na "hadhi maalum". Mtoto anajifunza kwa bidii lugha ambayo moyo wake hauko nayo raha, na mwalimu asiyeliona hilo atadhani ni uvivu.

Namsemesha Kiarabu ananijibu Kiingereza. Nijifanye simuelewi?

Usijifanye, anajua unaelewa, na atajifunza kwamba Kiarabu ni mchezo wa kudanganyana. Mrudishie alichosema kwa Kiarabu, kwa utulivu, ongeza neno moja na muendelee na mazungumzo. Mwache pia aandike kwa herufi za kilatini na 3 na 7 zake kama vijana wanavyochati, 3 badala ya ain na 7 badala ya ile ha ya kooni, bora Kiarabu chenye tarakimu kuliko kimya.

Lakini zaidi mtafutie mtu ambae hana njia nyingine ya kumfikia isipokuwa Kiarabu, na ambae mtoto anamtaka. Binamu yangu anaishi Uingereza, mwanawe wa miaka 7 alikuwa hasemi Kiarabu hata cha dawa. Wakamleta Ibra, huku Oman, kwa babu yake msimu wa kuvuna tende, wiki sita, babu Kiingereza chake ni "okei" tu. Wiki ya kwanza mtoto alikuwa anaonyesha kwa vidole. Wiki ya pili alishajua kwamba asipoijua tende kwa jina hapewi ya kubeba, hii khalas, hii fardh, hii khunaizi, ile nyekundu. Wiki ya tano alikuwa anabishana na babu juu ya ipi iliyoiva, kwa Kiomani, sauti juu. Wamesharudi Uingereza sasa, na mama yake ananiambia akiwekewa tende kwenye sahani anaitaja jina lake kwanza ndo anaila.